Kutoka Kuja Hadi Jinja

Mvua ya masika ikishika milima ya Kisii, sisi wa Macalder huijua hata kama kwetu jua linawaka. Mto Kuja, ambao huko juu huitwa Gucha, huja na habari zake. Ukishaungana na mto Migori na kushuka tambarare ya Nyatike, maji yake hugeuka rangi ya matofali, huburuta visiki na magugu, na ngurumo yake usiku husikika mbali. Siku hizi habari hiyo hutia hofu, kwa kuwa walio chini, karibu na ziwa, hufunga virago wakihofia mafuriko. Lakini wazee waliokulia kando ya mto huu waliyangoja maji mekundu kwa hamu, maana ndiyo yaliyomwita ningu.

Ningu ni samaki wa ziwani anayezaa mtoni. Mdomo wake umekaa chini, mnene, wa kukwangulia mwani kwenye mawe. Wanasayansi wamempa jina la Labeo victorianus. Mafuriko yakija, alipanda kwa makundi kutafuta nyasi zilizofunikwa na maji ili atage humo. Watu wa mito ya Nyanza walimtegea kwa kek: uzio wa miti na matete uliokingama mtoni, wenye mapengo, na katika kila pengo mgono uliosukwa. Kuujenga haikuwa kazi ya mtu mmoja, na mafuriko yenyewe ndiyo yaliyopanga siku za kuvua.

Miaka ya 1950 nyavu za nailoni zikafika. Mtu akatega mlangoni mwa mto, pale ningu wanapokusanyika kabla ya kupanda, na akavua kwa usiku mmoja wale ambao wangezaa msimu mzima. Mwaka 1959 P. J. P. Whitehead alichapisha kazi zake kuhusu samaki hawa wahamaji na uvuvi wa mito ya Nyanza. Mwaka 1965 D. A. Cadwalladr akaandika jinsi uvuvi wa ningu ulivyodidimia, na jinsi mitego ya jadi ya mto Nzoia ilivyoanza kufa pamoja naye. Nzoia uko mbali, kaskazini, lakini mzee wa Kuja angesomewa maandishi hayo angeitikia kwa kichwa.

Ninaanza na ningu kwa sababu kisa chake kinabeba jambo zima ninalotaka kulisimulia. Ziwa letu, Victoria, halikukosa wajuzi. Kwa takriban miaka mia moja limekuwa na watu waliolipima kina, wakapasua matumbo ya samaki wake, wakahesabu nyavu, wakaandika waliyoyaona, na mara nyingi wakasema kweli kabla ya wakati. Kilichokosekana ni chombo cha kuwakalisha pamoja wajuzi hao, na kuifanya kauli yao imfikie mwenye sheria na mwenye wavu. Historia ya chombo hicho ni ndefu, na ilivunjika katikati.

Reli ilifika Kisumu mwaka 1901. Miaka michache baadaye, kuanzia 1905, nyavu za kutega kutoka Ulaya zikaingia katika ghuba ya Winam, na ngege, samaki wa ziwani, akapata soko la mbali. Mwanzoni wavu mmoja ulitoka na makumi ya ngege kwa usiku. Haikuchukua miaka 20 kabla mavuno ya wavu huo hayajawa ya kuhesabika kwa vidole. Hapo serikali za kikoloni zikamwita Michael Graham, mtaalamu wa samaki wa bahari kutoka maabara ya Lowestoft, Uingereza. Alilizunguka ziwa mwaka 1927 na 1928 akiwa na kijana E. B. Worthington, ambaye baadaye angekuwa jina kubwa katika elimu ya maziwa ya Afrika. Ni Graham aliyempa ngege jina lake la kisayansi mwaka 1928: esculenta, yaani wa kuliwa.

Ripoti yake ilitoka mwaka 1929, na mambo matatu ndani yake yananifanya niirudie kila mara. La kwanza, macho ya wavu yasipungue inchi 5, ili ngege apate kuzaa kabla ya kunaswa. La pili, alionya kwamba kuleta samaki mkubwa mlaji kutoka ziwa jingine ni hatari kubwa, na kusifanywe bila utafiti wa kina. La tatu, ziwa zima liwe chini ya mamlaka moja ya uvuvi, kwa maana samaki wa Kenya, wa Uganda na wa Tanganyika ni samaki walewale.

La kwanza lilitekelezwa upesi, katika miaka ya mwanzo ya 1930, nalo lilikuwa rahisi kwa sababu sheria inaweza kuandikwa na karani mmoja. La tatu lilingoja. Mtu anayetazama ramani anaelewa kwa nini: Kenya ina asilimia 6 tu ya ziwa, nyingine zote ni za Uganda na Tanzania, na hakuna anayependa kumkabidhi jirani funguo za ghala lake. Iliwabidi watu wa ziwa wasubiri mpaka vita vya pili vya dunia vipite.

Mwaka 1947 vikaundwa vyombo viwili. Kimoja kilikuwa Shirika la Utafiti wa Uvuvi la Afrika Mashariki, lililojulikana kwa kifupi kama EAFRO, makao yake Jinja, pale Nile inapoliaga ziwa. Kingine kilikuwa Idara ya Uvuvi ya Ziwa Victoria, iliyopewa kazi ya kusimamia sheria ya nyavu na kuweka hesabu za mavuno katika nchi zote tatu. Kimoja kichunguze, kingine kisimamie. Kwenye karatasi mpango huo ulipendeza. Lakini naamini ufa wa kwanza ulikuwa hapohapo, kwa kuwa aliyejua kwa nini sheria iko vile hakuwa yule aliyekuwa akiitetea ufukweni mbele ya mvuvi mwenye njaa.

Jinja ya miaka hiyo, chini ya mkurugenzi R. S. A. Beauchamp, ilikuwa kitovu cha elimu ambacho dunia ya samaki ililazimika kukitazama. Humphry Greenwood aliwachambua fulu, wale samaki wadogo wa rangi nyingi ambao kwetu hukaangwa au kukaushwa, akaonyesha kwamba mtu wa kawaida akiona fulu mmoja, ziwa linajua mamia. Geoffrey Fryer na Philip Corbet walichunguza nani anamla nani. Rosemary Lowe alifika mwaka 1948, baada ya kulifanyia utafiti ziwa Nyasa peke yake, na akawa miongoni mwa wajuzi wakuu wa ngege na ndugu zake duniani. Mwaka 1953 aliolewa. Kanuni za utumishi wa kikoloni zilimtaka mwanamke akiolewa aache kazi, naye akaacha. Akamfuata mumewe Guiana ya Uingereza, akaanza upya na samaki wa huko, na aliendelea kuandika kwa miongo mingi hadi alipofariki mwaka 2014. Nimekisoma kisa hicho mara nyingi na bado kinaniuma. Shirika lilimpoteza mtu wa kiwango kile kwa sababu ya pete, katika miaka ileile ambayo ngege walihitaji kila jicho lililowajua.

Maana miaka hiyo ndiyo mambo yalipoanza kwenda mrama. Sheria ya inchi 5 ilifutwa Uganda na Tanganyika mwaka 1956, na Kenya mwaka 1961, kwa hoja kwamba haitekelezeki na kwamba kuna samaki wadogo wanaoweza kuvuliwa. Idara ya pamoja ya usimamizi ikavunjwa mwaka 1960, kila nchi ikachukua fukwe zake. Na mwaka 1954 mbuta, samaki mkubwa mlaji wa aina ile aliyoionya Graham, alikuwa tayari ameshatiwa ziwani upande wa Uganda, kimya kimya, kabla ya wanasayansi kukubaliana.

Mjadala wa mbuta unastahili kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa ndipo udhaifu wa chombo ulipojionyesha wazi. Mwaka 1960 Fryer alichapisha katika jarida la kilimo la Afrika Mashariki makala ya kupinga. Hoja yake ilikuwa ya hesabu ya chakula: samaki mlaji anakaa juu ya ngazi, na kila ngazi unayopanda unapoteza sehemu kubwa ya chakula kilichokuwa chini yake. Ukiwageuza fulu kuwa mbuta, utapata samaki mkubwa wa kutamanika, lakini uzito wa jumla utapungua, na fulu hawatarudi. Waliomuunga mkono mbuta walijibu kwamba fulu ni mifupa mitupu, hawana soko, na ziwa linahitaji samaki wa maana. Huku majibizano yakiendelea majaridani, mbuta wengine walikuwa wakimwagwa ziwani kwa uwazi mwaka 1962 na 1963. Onyo la Graham la 1929 lilikuwa rafuni Jinja, na makala ya Fryer ilikuwa mezani. Hapakuwa na kikao chochote chenye uwezo wa kusema: ngojeni.

Hapa niende nje ya ziwa kidogo. Mwaka 1870, mjini New York, wafugaji wachache wa samaki walikutana wakaunda chama chao. Hawakuwa idara ya serikali; walikuwa watu waliolipa ada, wakachagua mwenyekiti, wakasomeana taarifa za kazi zao na kuzichapisha. Mwaka uliofuata serikali ya Marekani ikaunda tume yake ya samaki, na chama kile kikaendelea kuwa sauti ya pembeni inayoisaidia tume na kuikosoa. Mwaka 1884 kilichukua jina la Chama cha Uvuvi cha Marekani, na mwaka 1927, Graham alipokuwa akianza safari yake huku kwetu, wanachama wake walimchagua mwanamke, Emmeline Moore, kuwa rais wao. Pwani yetu ya Afrika Mashariki nayo ina mfano. Mwaka 1993 wanasayansi wa bahari waliunda WIOMSA, chama chenye makao Zanzibar, ambacho mtu hujiunga kwa jina lake mwenyewe. Kina jarida lake, mikutano yake mikubwa, na fedha za utafiti ambazo kijana wa Kitanzania au Mkenya anaweza kuziomba.

Tofauti ya chama cha namna hiyo na shirika la serikali ni kubwa kuliko inavyoonekana. Mtafiti wa shirika huandika ripoti, na ripoti hupanda kwa mkubwa wake. Mwanachama husimama mkutanoni na kusema, na wenzake kutoka nchi tatu, tano au kumi wanamsikia siku hiyohiyo. Wanasayansi wa samaki wa Afrika nzima wamejaribu kuwa na jukwaa kama hilo kupitia chama chao, PAFFA, kilichowakutanisha Addis Ababa mwaka 2008, Bujumbura mwaka 2013 na Mangochi mwaka 2018. Jinja ya 1960 haikuwa na kitu cha aina hiyo. Ilikuwa na wataalamu bora, na wote walikuwa waajiriwa.

Baada ya uhuru shirika liliendelea, sasa likiwa mali ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Waafrika wakaanza kushika kazi za utafiti. Kati ya mwaka 1969 na 1971 meli ya utafiti iliyoitwa Ibis ilikokota wavu wake karibu ziwa zima. Matokeo aliyoyachapisha A. W. Kudhongania na mwenzake Almo Cordone mwaka 1974 yalionyesha kwamba takriban asilimia 80 ya uzito wa samaki wa chini ya ziwa walikuwa fulu. Mbuta alikuwa hajaonekana sana. Nikisoma hesabu ile leo, naiona kama picha ya familia iliyopigwa kabla ya msiba.

Mwisho wa Juni 1977 Jumuiya ikafa, na shirika la Jinja likagawanywa kama mali ya marehemu. Kenya ikaunda taasisi yake ya utafiti, KMFRI, mwaka 1979, makao Mombasa na kituo Kisumu. Tanzania ikaunda yake, TAFIRI, mwaka 1980. Uganda ikabaki na majengo ya Jinja. Na ni katika miezi ileile, mwaka 1979 na 1980, mbuta alipolipuka katika ghuba ya Winam. Wavuvi waliokuwa wakimpata mmoja mmoja wakaanza kurudi mitumbwi ikiwa imezama hadi ukingoni. Uganda ikafuata baada ya miaka miwili, mitatu, kisha Tanzania. Badiliko kubwa kuliko yote katika historia ya ziwa hili lilipita wakati nyumba ya pamoja ya kulipima imevunjwa, na wanasayansi wa nchi tatu hawana bajeti moja wala meli moja. Kilichowaunganisha ni kamati ndogo ya ziwa iliyoundwa chini ya shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, FAO, mwaka 1980, na ujirani wa watu waliowahi kufanya kazi pamoja. Mwanza, Frans Witte na wenzake kutoka Leiden, wakishirikiana na watafiti wa Tanzania, walikuwa wamekuja kuwahesabu fulu. Walijikuta wakihesabu kutoweka kwao: aina zipatazo 200 hazikuonekana tena.

Ni haki pia kusema mbuta alileta nini. Alileta viwanda vya minofu, magari ya barafu, ajira, karo. Nyatike nzima, kuanzia Muhuru hadi Karungu, ilijengwa upya na fedha yake. Nchi haziwezi kuendelea kuuza samaki Ulaya kila moja kivyake wakati samaki ni mmoja, na hilo, kuliko elimu yoyote, ndilo lililowarudisha mawaziri mezani.

Tarehe 30 Juni 1994, mjini Kisumu, Kenya, Uganda na Tanzania zilitia saini mkataba wa kuunda Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, LVFO. Ulianza kufanya kazi Mei 1996. Makao yakawekwa Jinja. Tangu ripoti ya Graham hadi saini ile ilikuwa imepita miaka 65.

Muundo wake ni wa ngazi. Juu kuna baraza la mawaziri wanaohusika na uvuvi. Chini yao kuna makatibu wakuu, kisha wakuu wa idara za uvuvi na wa taasisi za utafiti wanaokaa pamoja katika kamati ya utendaji. Halafu kuna kamati ya sayansi na kamati ya usimamizi, na hapa ndipo naona somo la 1947 lilikumbukwa, kwa kuwa anayechunguza na anayesimamia wanalazimika kupeleka mapendekezo kwa wakubwa walewale. Tangu mwaka 2000, kila baada ya miaka miwili au karibu hapo, nchi zote tatu huhesabu fukwe, vyombo na nyavu kwa fomu zinazofanana. Hesabu ya kwanza ilikuta fukwe takriban 1,500, vyombo zaidi ya 40,000 na wavuvi kama 130,000. Hesabu za miaka ya 2010 zilikuta wavuvi wamepita 200,000. Ile ya 2000 ilikuwa mara ya kwanza ziwa zima kujua lina watu wangapi mgongoni.

Kisha shirika likafanya jambo ambalo Jinja ya zamani haikulifikiria: likamtia mvuvi ndani ya muundo. Kanuni za Kenya za mwaka 2007 ziliipa kila bichi kikundi chake cha usimamizi, BMU, chenye mkutano mkuu wa waliojisajili na kamati ya kuchaguliwa. Miongozo ya pamoja ya ziwa iligawa viti vya kamati kati ya wenye vyombo, mabaria, wachuuzi na wengine, ikataka wanawake wasipungue watatu. Kwenye biashara ambayo mwanamke ndiye huuza samaki na mwanamume ndiye humiliki boti, viti vitatu vilikuwa mwanzo mdogo, lakini vilikuwa mwanzo.

Ukitaka kuiona kazi hiyo, shuka kutoka Macalder hadi Sori alfajiri ya siku ya kupima. Karani wa bichi huwa amekaa kwenye debe lililopinduliwa, daftari gotini. Mbele yake kuna ubao wa kupimia, wenye kizuizi upande mmoja na mistari ya sentimita iliyofifia kwa kusuguliwa. Kijana anamlaza mbuta, anasukuma mdomo uguse kizuizi, ananyoosha mkia kwa kiganja. "Hamsini na nne." Karani anaandika. Anamnyakua mwingine. "Arobaini na sita." Hapo pananyamaza kidogo, kwa sababu chini ya 50 hairuhusiwi, na kila mtu pale anajua samaki huyo ni wa nani. "Andika vilevile, mwanangu," anasema mama mmoja mchuuzi aliyekuwa akingoja na karai lake. "Usipoandika, mwaka kesho watasema wako wengi." Karani anaandika 46. Kisha anauvuta wavu wenyewe, anakunjua tundu moja kati ya vidole viwili, anaweka rula, anaandika tena. Tarakimu hizo ndizo zitakazofika Kisumu, na kutoka huko, zikijumlishwa na za Mwanza na Masaka, Jinja.

Linalobaki kunisumbua liko nyuma yetu, juu ya mto. Mgodi wa shaba na dhahabu wa Macalder ulifungwa miaka ya 1960, lakini vilima vya mchanga wake viko palepale, na wachimbaji wadogo hawajaacha kuchekecha dhahabu kwa zebaki. Mwaka 2002 Ogola, Mitullah na Omulo walichapisha utafiti wa ukanda wa dhahabu wa Migori, walikokuta zebaki, risasi na aseniki kupita kiwango kinachokubalika. Vijito vya ukanda huo huingia Migori na Kuja, na Kuja huingia ziwani. Wachunguzi wa madini wana vikao vyao, na wa samaki wana vyao. Mwaka 2016 mkataba wa LVFO ulirekebishwa, na paa lake sasa limefunika maji yote ya nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo ilikwisha kufufuliwa, mito ikiwemo. Kuja uko ndani.

Asubuhi ile Sori, samaki walipokwisha kupimwa, mzee mmoja alileta kikapu kutoka upande wa mlango wa mto. Ndani yake mlikuwa na kambare, na chini ya kambare, samaki wawili wa mdomo uliokaa chini. Kijana aliwageuza, hakuwajua.

"Ni ningu hao," mzee alisema. "Mto umejaa."

Karani alifungua ukurasa mpya, akawaweka ubaoni mmoja baada ya mwingine, akapima.